Programu nzuri huzaliwa katika mazungumzo: Funzo la Kitale na Bungoma

KATIKA ofisi za waundaji programu za tarakilishi siku hizi, kuna neno lisilokauka midomoni: ajaili. Neno lenyewe ni la Kiingereza, na maana yake ya kawaida ni wepesi wa viungo, kama ule wa mchezaji anayegeuka ghafla bila kuanguka. Wanaolitumia humaanisha mtindo wa kusimamia kazi ambapo timu hujenga programu kidogo kidogo, humwonyesha mtumiaji kila hatua, kisha hurekebisha kabla ya kuendelea.

Huenda msomaji akauliza: safu ya lugha ina shughuli gani na mambo ya wahandisi? Ina shughuli kubwa. Ukiichunguza historia ya mtindo huu utagundua kwamba kiini chake si mashine bali ni mazungumzo: nani anaongea na nani, lini, na kwa lugha gani. Hapo ndipo mpenzi wa Kiswahili anapoingia. Na kwa mifano, hatuhitaji kwenda mbali. Kitale na Bungoma zinatosha kutufungulia mjadala.

Enzi za maporomoko

Hebu turudi nyuma kidogo. Oktoba 1968, wataalamu wa tarakilishi walikutana Garmisch, Ujerumani, chini ya udhamini wa NATO, wakiwa na kilio kimoja. Mashine zilikuwa zikiongezeka nguvu mwaka baada ya mwaka, lakini programu za kuziendesha zilichelewa, zilipita bajeti na, hata zikikamilika, zilijaa hitilafu. Hali hiyo iliitwa mgogoro wa programu.

Dawa iliyotafutwa ilifanana na ile ya wajenzi wa madaraja. Kusanya mahitaji yote. Yaandike. Chora ramani. Kisha jenga, pima, na mwisho kabisa mkabidhi mwenye mali. Kila hatua ifungwe kabla ya inayofuata kufunguliwa. Utaratibu huu ulikuja kubandikwa jina la maporomoko ya maji. Msomaji wa Bungoma hahitaji maelezo marefu hapa. Anayajua maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, pale mto Nzoia unapojitupa miambani. Maji yakishapita pale hayarudi juu.

Aghalabu utaratibu huu hunasibishwa na Winston Royce, mhandisi Mmarekani aliyechapisha makala kuhusu usimamizi wa programu kubwa mwaka 1970. Kumbe Royce mwenyewe alionya katika makala hiyo hiyo kwamba kuteremka moja kwa moja bila nafasi ya kurudi nyuma ni kujitakia hasara. Watu waliuchukua mchoro wake, wakaliacha onyo.

Kasoro ya maporomoko ni hii. Mtumiaji huulizwa mwanzoni, wakati bado hajaona chochote na hajui vizuri anachotaka. Halafu haulizwi tena hadi mwisho, wakati kubadilisha jambo dogo ni ghali mno. Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maporomoko, ufa huonekana siku ya kuhamia nyumba.

Kutoka raga hadi Snowbird

Mwaka 1986 wasomi wawili wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni zilizofaulu kuunda bidhaa mpya kwa haraka. Walisema kazi ya zamani ilifanana na mbio za kupokezana vijiti: idara moja inakimbia, inakabidhi, inapumzika. Kampuni zilizofaulu zilicheza raga. Timu nzima ilisonga mbele pamoja huku mpira ukirushwa huku na kule.

Kutoka kwenye raga likaja neno skramu, yaani lile kundi la wachezaji wanaoinama na kusukumana bega kwa bega. Wamarekani Jeff Sutherland na Ken Schwaber walilichukua na kuliwekea utaratibu wa kuunda programu, wakauwasilisha kwa wanataaluma wenzao mwaka 1995. Wakati huo huo, Kent Beck alikuwa akihimiza mtindo mwingine katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, ambapo mahitaji yaliandikwa kwenye kadi ndogo zilizoitwa hadithi za mtumiaji. Tuiweke akilini kadi hiyo. Tutairudia.

Februari 2001, waundaji programu 17 walikutana Snowbird, mahali pa kuteleza thelujini katika jimbo la Utah, Marekani. Walitoka na tamko fupi lililoupa mtindo huu jina. Kwa muhtasari, walisema wanathamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi kuliko marundo ya nyaraka. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana kuhusu mkataba. Na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango.

Kwa vitendo, timu ya skramu hugawa kazi katika mizunguko mifupi, aghalabu ya wiki mbili. Kila asubuhi hukutana kwa dakika zisizozidi 15, wengi wakisimama ili maneno yasirefuke. Kila mmoja hueleza amefanya nini, atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Mwisho wa mzunguko, kilichojengwa huonyeshwa kwa wenye kukitumia. Kisha timu hukaa peke yake kutathmini: tulikwenda vizuri wapi, na tubadilishe nini?

Mahindi yenye nambari

Wazo la kujenga kidogo, kupima na kurekebisha halikuzaliwa Snowbird. Magharibi mwa Kenya lilikuwa limeota mizizi shambani kitambo.

Mwaka 1955, mtafiti Michael Harrison alianza mradi wa kuzalisha mbegu bora za mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka uliofuata, Kenya Seed Company ilianzishwa mjini humo. Watafiti walianza na mahindi yaliyokuwa yakilimwa na wakulima wa eneo hilo. Walichagua mimea iliyofanya vyema, wakaipanda tena, wakachagua tena. Mwaka 1961 wakatoa Kitale Synthetic II. Harrison alikuwa pia ameleta aina za mahindi kutoka Amerika ya Kusini. Mojawapo, Ecuador 573, ilipochanganywa na ile ya Kitale ilizaa chotara H611, iliyotolewa mwaka 1964.

Hawakuishia hapo. Baada ya H611 zikaja H613, H614, H625 na nyinginezo. Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma huzitaja nambari hizo kama watu wa mjini wanavyotaja nambari za matoleo ya programu za simu. Na mfanano si wa nambari tu. Kila toleo lilikuwa jibu kwa jambo lililoonekana shambani.

Kuna siri nyingine. Mbegu chotara hupoteza nguvu ikipandwa tena kutoka kwa mavuno, hivyo mkulima hulazimika kununua mpya kila msimu. Kwa maneno mengine, mkulima hupiga kura kila mwaka. Mbegu isipomridhisha, msimu ujao hainunuliwi. Utafiti wa John Gerhart, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha jinsi mbegu hizi zilivyoenea kwa kasi magharibi mwa Kenya, hata miongoni mwa wakulima wadogo.

Bungoma nayo ina mfano wake wa karibuni zaidi. Mwaka 2006, shirika la One Acre Fund, lililoanzishwa na Mmarekani Andrew Youn, lilianza kazi huko kwa kuwakopesha mbegu na mbolea wakulima wachache mno: familia takriban 40. Leo linahudumia wakulima katika nchi kadhaa za Afrika. Lingeweza kuanza na wilaya nzima na ripoti nene. Lilianza na watu ambao mfanyakazi mmoja angewajua kwa majina.

Hakuna aliyeita kazi hizi ajaili. Lakini mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Kibabii akielezwa mzunguko wa wiki mbili, asidhani anafundishwa jambo geni. Bibi yake huenda aliliishi kila msimu wa mvua.

Mtumiaji anapougeuza mpango

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Mfano mkubwa nchini ni M-Pesa. Wazo lilipoanza, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, na kwa ufadhili wa kiasi kutoka kwa serikali ya Uingereza, lengo halikuwa kutuma pesa nyumbani. Lilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo kulipa mkopo kwa simu. Safaricom ilishirikiana na shirika la mikopo la Faulu Kenya, na majaribio yakaanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500.

Wateja hao walifanya mambo ambayo mpango haukuyatarajia. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka pesa kwenye simu asubuhi kabla ya safari na kuzitoa wakifika, ili wasiibiwe njiani. Na wengine waliwatumia jamaa walioko mashambani. Kwa upande mwingine, ile kazi ya mikopo iliyokusudiwa ndiyo iliyoleta ugumu katika uwekaji hesabu.

Waundaji wangeweza kuwaambia wateja kwamba wanakosea. Badala yake waliwasikiliza. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 6, 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na ujumbe mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Mzazi wa Kimilili aliyekuwa akisubiri karo ifike kwa bahasha ya dereva wa basi alinufaika kwa sababu kikundi kidogo cha watu wa Nairobi na Thika kiliruhusiwa kuugeuza mpango.

Mwaka uliofuata, Januari 2008, nchi ilikuwa ikiungua kufuatia uchaguzi uliozua utata. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Ory Okolloh, mwanasheria na mwanablogu, alipendekeza kuwe na ramani ya kuonyesha visa vya ghasia. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliitikia, na katika siku chache tovuti ikawa hewani. Raia waliweza kutuma habari kwa simu au kwa mtandao. Iliitwa Ushahidi, na Kiswahili kilibeba jina hilo hadi Haiti, ambako programu hiyo ilitumika baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Ushahidi haikuwa kamilifu ilipoanza, na haikungoja ukamilifu. Kungoja kungemaanisha kufika baada ya maziko.

Linganisha na uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Vifaa vingi vya kielektroniki vya kuwatambua wapigakura vilikwama, vingine kwa kuishiwa na chaji, na mfumo wa kupeperusha matokeo ukalemewa. Tume ya uchaguzi ikarejelea makaratasi. Uchaguzi ni kazi ngumu kwa mwanaprogramu, maana mtihani wake halisi huja siku moja tu. Ndiyo sababu mitihani midogo ya mapema, katika vituo halisi na kwa makarani halisi, ni ya lazima.

Hadithi ya nani, kwa lugha gani?

Turudi kwenye ile kadi ya Kent Beck. Hadithi ya mtumiaji husema mambo matatu: mimi ni nani, nataka nini, na kwa nini. Sharti lake ni kwamba iandikwe kwa maneno anayoyaelewa mtumiaji mwenyewe. Hapa ndipo mtindo huu unapogeuka kuwa suala la lugha.

Chukua mfano wa kubuni. Timu ya vijana Kitale inaunda programu ya mikopo ya mbolea. Mkulima anawaambia: "Mimi nalipa kidogo kidogo. Nataka kuona nimebakisha deni ngapi, nisije nikadaiwa mara mbili." Kijana anaandika kwenye kadi, kwa Kiingereza, neno moja linaloweza kumaanisha pesa ulizo nazo au pesa unazodaiwa. Mwenzake anayetafsiri maandishi ya kwenye skrini analiona neno hilo na kuandika: Salio, Sh2,000.

Sasa mkulima anafungua simu. Kwake yeye, salio ni lile analolijua katika M-Pesa na katika muda wa maongezi: pesa zake zilizomo. Anasoma kwamba ana shilingi elfu mbili. Kumbe anadaiwa elfu mbili! Hakuna hitilafu yoyote katika hesabu za tarakilishi. Hitilafu imo katika neno.

Timu inayoonyesha kazi yake kila wiki mbili italigundua kosa hilo mapema, lakini kwa sharti moja: maonyesho yafanywe mbele ya mkulima na kwa lugha yake. Yakifanywa kwa Kiingereza baina ya vijana na meneja wao, kila mtu atatikisa kichwa kukubali, na neno litapita. Mizunguko inaweza kuwa mifupi kama nyundo, lakini ikiwa anayezungumzwa hayumo katika mazungumzo, hayo bado ni maporomoko.

Mila zetu zinalijua jambo hili. Mtambaji wa hadithi hasimulii hewani. Husema "Hadithi! Hadithi!" na kungoja hadhira ijibu "Hadithi njoo!" Asipojibiwa, haanzi. Wanaoita kadi zao hadithi wangefaidi kuiga adabu hiyo.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya kila mtu katika eneo hili. Bungoma, mazungumzo mengi ya shambani huwa kwa Lubukusu. Kitale ni mji wa mchanganyiko wa jamii nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kwenye stendi ya matatu. Basi Kiswahili cha programu kiwe kile cha sokoni kilichopigwa msasa, si kile cha kuwatisha watu.

Istilahi nazo zijaribiwe

Historia ya istilahi za teknolojia inatupa funzo lilo hilo. Kwa mashine moja tumekuwa na kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kwa intaneti kulipendekezwa mdahalishi. Kwa simu ya mkononi kuna rununu. Yapo yaliyoshika, hasa shuleni na katika vyombo vya habari, na yapo yaliyosahaulika. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na hapo maneno yalilazimika kutoka kwenye orodha za wasomi na kukaa kwenye skrini ambako mtu huyabonyeza. Mtihani mzuri wa istilahi ni huo wa kubonyezwa.

Istilahi za ajaili zenyewe zingali nyingi bila makao. Skramu na libaki skramu, kwani hata raga hatukuibadilisha jina kwa Kiswahili. Kile kikao cha asubuhi kinatosha kuitwa kikao cha kusimama. Vipi kuhusu orodha ya kazi ambazo bado hazijafanywa? Watangazaji wa kandanda wametupa neno tamu: viporo, kutokana na chakula cha jana, kwa mechi zilizoahirishwa. Linafaa kwa kazi iliyobaki kutoka mzunguko uliopita. Lakini kwa kazi ambayo haijaguswa kamwe halifai, maana kiporo lazima kiwe kilipikwa. Huko tuseme orodha ya subira. Mapendekezo haya si amri. Timu ziyatumie kwa mizunguko miwili mitatu, zione kama yanatamkika.

Skramu bila mkulima

Tahadhari moja inahitajika. Wapo wanaodhani ajaili ni ruhusa ya kufanya kazi bila mpango. La hasha! Programu inayobeba pesa za watu haiwezi kuachwa ijisahihishe kwa kupoteza akiba ya mama mboga. Msingi wa usalama hupangwa tangu mwanzo. Kinachoachiwa nafasi ya kubadilika ni kile ambacho mtumiaji pekee ndiye anayejua jibu lake.

Wapo pia walioigeuza ajaili kuwa ibada. Wana kadi za rangi ukutani, wana kikao kila asubuhi, wana vyeti, lakini mwaka unapita bila mtumiaji hata mmoja kuketi nao. Hiyo ni ngoma isiyo na mchezaji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, elimu ya tarakilishi katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza, na mhitimu huenda kwa mkulima akiwa na maarifa mengi na maneno machache. Idara za Kiswahili na idara za tarakilishi ziko katika vyuo vivyo hivyo, pengine hatua chache tu kutoka moja hadi nyingine. Zishirikiane katika miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho: mmoja aandike programu, mwingine asikilize maneno.

Haihitaji bajeti kubwa kuanza. Kadi moja inatosha, iliyoandikwa kwa maneno ya mkulima mmoja wa Kimilili au Endebess. Baada ya wiki mbili wamrudie na simu mkononi, wamwonyeshe, kisha wanyamaze wamsikilize anavyoisoma.